Marehemu Benard Lokiru na Tyuni ya Gatwech

Padri, jamaa, majirani wa Kanamkemer na nyinyi mliosafiri kutoka Kakuma, ejok, nawasalimu nyote, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya kaka yetu Benard Lokiru Akuwam, na tuseme ukweli tangu mwanzo, tumelia sana, lakini pia tumeshusha pumzi, na sababu mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 karibu na Nariokotome, mtoto wa tatu wa mzee Akuwam, mfugaji wa mbuzi na ngamia, akaanza shule ya msingi hapa Lodwar mwaka 1978, akamaliza darasa la nane mwaka 1985, kisha akasomea ufundi wa mitambo hadi 1988, na waliosoma naye wanasema alikuwa hodari wa kufungua kitu kuliko kukifunga tena. Gitaa lake la kwanza alilinunua Kitale mwaka 1990, likiwa na nyuzi nne, mbili zilizopungua akajazia kwa waya wa breki ya baiskeli.

Mwezi wa Mei 1997 aliajiriwa kuwa fundi wa pampu za maji katika kambi ya Kakuma, kazi aliyoifanya kwa miaka minane, na huko akakutana na Gatwech, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mpigaji wa thom, yaani kinubi cha kwao cha nyuzi tano. Siku moja, pampu ikiwa imefunguliwa, Gatwech aliomba gitaa la Lokiru, akalegeza nyuzi tatu, kisha akazipiga zote sita bila kidole kubonyeza popote, zikatoa sauti moja iliyotimia, kama kwaya inayoitikia amina, na Lokiru, kwa kukiri kwake mwenyewe, akaisahau pampu, akina mama wakakaa na mitungi mikavu hadi saa nane mchana.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Nawoi hapa Lodwar, Mungu akawajalia watoto watatu, Nakiru, Lokwang na Ebei, na Nawoi ni shahidi kwamba katika nyumba ile zimekatika nyuzi nyingi kuliko vikombe vilivyovunjika, maana marehemu hakutaka tena gitaa likae na tyuni moja, yaani mpangilio mmoja wa sauti za nyuzi, alishusha uzi huu, akapandisha ule, akasikiliza, akakuna kichwa, akaanza upya, hata akapata tyuni sita zake mwenyewe, mojawapo akiibuni alipokuwa akimbembeleza Nakiru.

Mwaka 2005 alirudi Lodwar kufanya kazi katika mradi wa maji wa mjini, akajiunga na kwaya ya kanisa, na tarehe 19 Agosti 2006 kwaya yetu ikashinda mashindano kwa wimbo wake uliopigwa kwa tyuni ile ya kwanza, ya Kakuma. Mtangazaji wa redio alipomuuliza ameitoa wapi, marehemu, kwa furaha ya ushindi na makofi ya watu, akajibu, "Nimeigundua mwenyewe."

Hapo ndipo alipojifunga kitanzi, kwa sababu neno likishatoka halirudi, na kwa miaka kumi na minane hakukanyaga Kakuma, kazi ya huko ikitokea alimtuma mwenzake, na kila misa ilipokwisha alilegeza nyuzi zote kabla ya kuliweka gitaa chini, ili mtu asiione tyuni na kuuliza maswali. Sisi tulimtania kuwa ni mchoyo, kumbe ndugu yetu alikuwa anaona haya.

Tarehe 3 Juni 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, akatibiwa kwa muda mrefu na kwa maumivu mengi, na sauti ilipoanza kumtoka aliogopa jambo moja kuliko kifo, kwamba angeondoka kabla ya kusema. Mwezi wa Novemba mwaka jana alituomba tumwite Gatwech, naye akatafuta kibali cha kutoka kambini, akaja na mkewe Nyawech, akaketi kitandani, akasikiliza maungamo yale ya mnong'ono mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo siku mimi nilisikia redio. Wimbo haina shida, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nangoja wewe tu, na wewe haukuja." Walilia wote wawili, halafu wakacheka, na tangu siku ile marehemu alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Alikusudia kusema mbele ya kanisa siku ya Krismasi, lakini sauti ilikuwa imekwisha kabisa, akaandika maneno yake kwenye daftari, akaagiza yasomwe siku ya leo, na ingawa baadhi yetu wazee tulitaka kuiruka aya hiyo ili kulinda heshima yake, Nawoi alitwambia, "Someni vile ameandika, ama nitasoma mimi." Ameandika hivi: "Tyuni ya wimbo wetu si yangu, ni ya Gatwech. Uzi wa kwanza, wa tano na wa sita zishushwe sauti moja nzima, nyingine zibaki. Kila mwenye gitaa aichukue, lakini amtaje mwenyewe."

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, Nawoi akiwa amemshika mkono, bila purukushani yoyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotuletea maji na kuni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa mradi wa maji, na kwaya iliyomvumilia.

Lokiru, ulichoshindwa kukisema kimesemwa mbele ya watu wote, na Gatwech ameketi hapa mstari wa mbele, upande wa familia. Pumzika kwa amani, kaka, huna deni la neno tena.