Moyo Wangu Uliponyamaza, Mkashangilia

Bwana asifiwe! Hiyo amina ni ya watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe! Sasa nimesikia. Wageni wetu mliotoka nje ya Gusii, karibuni sana. Nitasema Kiswahili kwa ajili yenu. Kwa watu wa hapa ningesema kwa Ekegusii, lugha yetu, na maneno yangewauma zaidi, lakini nao wataelewa tu.

Ndugu zangu, sikuja kuwabembeleza. Kwa jina naitwa Kerubo, mama Moraa, mkulima wa chai na ndizi hapa upande wa Keumbu. Mwaka jana nilisimama papa hapa nikatoa ushuhuda, mkapiga vigelegele mpaka watoto wachanga wakalia. Ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Mwenyewe sikujua ni uongo, lakini ulikaribia kuniua. Leo nimekuja kuufuta, na nitaufuta mbele ya wale wale walioushangilia.

Nikiwa darasa la sita koo liliniuma vibaya, halafu likapoa lenyewe. Baada ya wiki chache magoti yakawaka moto, leo hili, kesho lile. Nyumbani walinikanda kwa maji ya moto wakasema ninakua. Kumbe ugonjwa ule wa koo usipotibiwa hushuka ukala milango ya moyo, ile inayofunguka na kufungika damu ikipita. Hayo niliambiwa na daktari nikiwa tayari mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Wazazi wangu hawakujua, nami siwalaumu.

Nyinyi ndio ninaowalaumu! Nilipoanza kuhema, kikapu cha majani chai hata hakijajaa, ninapumzika mara nne kabla ya kufika kituo cha kupimia, mlisema nini? Kerubo mvivu. Kerubo ameolewa akanenepa. Miguu ilivimba, usiku nalala nimeketi kama mtu anayengoja gari, na bado mkasema ninadeka. Mama mkwe wangu, huyu hapa mwenye kitambaa cheupe, ndiye aliyenibonyeza mguu, akaona kidole chake kimeacha shimo, akamgeukia mume wangu akasema, "Ombati, mke wako anazama na hakuna mto hapa." Ndipo nikapelekwa hospitali.

Nilipasuliwa kifua mbali na hapa. Walitoa mlango mbovu wakaweka wa chuma. Nilipoamka nikasikia tiki, tiki, tiki. Nikamuuliza muuguzi kwa nini wametundika saa karibu na sikio la mgonjwa. Akacheka, akaniambia, "Mama, hakuna saa humu. Hiyo ni wewe."

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani na mambo matatu. La kwanza, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye kile chuma, kila siku mpaka nife, na kupimwa damu kliniki. La pili, karatasi inayosema mboga za majani nile kiasi kile kile kila siku, nisizidishe, kwa sababu zinapingana na dawa hiyo. La tatu lilikuwa simu ya Halima.

Halima ni dada wa utafiti, binti wa wenye duka la nguo Kisii mjini, Mwislamu. Pale hospitali ya Kisii walitaka kujua watu waliopasuliwa moyo wanaishije wakisharudi vijijini, nami nilikubali nikatia sahihi. Basi kila baada ya muda Halima anapiga. Unalala vizuri? Unapanda kilima bila kuhema? Dawa unameza? Mlio wa moyo unausikia? Maswali yale yale, kwa utaratibu ule ule. Mimi nilichoka naye. Nilimwambia mume wangu, huyu msichana ananihesabu kama kuku wanaorudi bandani jioni.

Sasa njooni kanisani. Mlio wangu unasikika pakiwa kimya, na pahali penye kimya kuliko pote ni hapa tunapoinamisha vichwa kuomba. Tiki, tiki, tiki. Watoto wakacheka. Mkanipa jina, Mama Saa. Sabato moja mzee wa kanisa, mzee Nyamweya, akaniita pembeni akaniambia, kwa upole sana, "Mama Moraa, ungeketi kule nyuma mlangoni, ili watu wapate utulivu wa kumwomba Mungu." Mzee wangu, nakuheshimu, lakini usiangalie sakafu, niangalie mimi. Mungu ameniacha hai, na uhai wangu unawapigia kelele? Niliketi mlangoni miezi mingi, upepo ukinipiga mgongoni, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuketi nami isipokuwa mama mkwe wangu.

Halafu likaja la chinsaga. Wageni, chinsaga ni mboga yetu chungu, inalazwa na maziwa chunguni, na hapa Gusii mama akijifungua au mtu akitoka hospitali tunamlisha hiyo ili arudishe damu. Nilipomzaa Moraa nililishwa mpaka jasho langu likanukia chinsaga, na sikatai, ilinifaa. Basi akina mama wa kanisa mkaja na vyungu. Asubuhi chungu, mchana chungu, jioni mwingine anabisha hodi na chake. Hapo hamkuogopa mlio! Nikawaonyesha karatasi. Mkaniuliza ni daktari gani aliyezaliwa na mwanamke anayemwogopesha mgonjwa na chinsaga. Nami nitamrudishiaje mama mwenzangu chungu kikiwa kimejaa? Kwetu hilo ni tusi. Nikala.

Mzee Nyamweya naye akaja kuniombea, akakiona kikopo cha dawa mezani. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kufanya damu iwe nyepesi. Akashangaa, "Sisi tunahangaika damu yako iwe nzito, wewe unaifanya maji? Tukishaomba, hiyo unaimeza ya nini tena?"

Nisiwasingizie, ndugu zangu. Hakuna aliyenishika mkono. Niliacha dawa mwenyewe, nikaificha nyuma ya sufuria kubwa za sherehe. Niliacha kwa sababu nilichoka kuketi mlangoni. Nilitamani kuwa mtu kama nyinyi, mtu asiye na chuma, na kwa ajili ya kiti cha mbele nikayaweka rehani maisha ya mama yake Moraa.

Alasiri moja nilikuwa nachambua maharagwe, nikahisi kama kuna mtu ameondoka nyumbani. Nikasikiliza. Kimya. Nikaweka mkono kifuani, moyo unadunda, lakini ule mlio wa chuma umefifia hata siusikii. Nilipowaambia akina mama, mlikuja mbio mkiimba tangu barabarani. Mlisema Mungu ameondoa chuma ameweka nyama! Sabato ile mkanitoa mlangoni mkanileta mbele, mkanipa maikrofoni, nami nikasema nimepona kabisa. Hata mimi nililia kwa furaha. Nikaketi benchi la kwanza, nikaona kweli kiti cha mbele ni kitamu.

Wiki haikuisha, pumzi ikaanza kukatika. Nikipanda kutoka kisimani nashika mgomba napumzika. Ningemwambia nani? Mtu akishashuhudia kwamba amepona, atawezaje kusema tena anaumwa, na nyinyi ndimi zenu ninazijua? Nilikuwa nakufa kwa aibu, ndugu zangu, na huo ndio ukweli wenyewe.

Halima akapiga. Sikupokea. Akapiga tena, sikupokea. Mara ya tatu akampigia mume wangu, ambaye namba yake ilikuwa kwenye karatasi zao. Ombati akamwambia niko shambani nachuma chai, akanifuata akanipa simu. Nikajibu kwa ukali, nalala vizuri, napanda kilima, asante. Akauliza, "Dawa?" Nikasema nimeponywa. Akauliza, "Mlio je?" Nikamwambia kwa majivuno, "Dada, Mungu ameunyamazisha."

Kisha akasema, "Mama Moraa, weka kikapu chini. Usimalize huo mstari. Damu inaganda kwenye mlango wako, njoo hospitali sasa hivi, nami nawaambia daktari unakuja."

Nikamwambia hana imani. Mnajua alinijibu nini? Alisema, "Imani ninayo, mama. Bila imani ningekuandika umepotea, nikafunga faili. Wengi tunaowaandika wamepotea huwa wamekufa nyumbani kwao, na hakuna anayetuambia."

Nimepotea! Niliposikia neno hilo nilikasirika kuliko siku zote. Nimepotea wapi, na mimi niko hapa Keumbu, nimezungukwa na kanisa zima? Lakini pumzi ya kugombana naye sikuwa nayo.

Ombati akakimbia kuazima pikapu ya jirani. Akina mama wawili wakasimama njiani wakasema nikienda hospitali nitaaibisha ushuhuda. Wapo humu ndani, sitawataja. Mama mkwe wangu akawaambia, "Pisheni. Ushuhuda hauna mtoto wa kulea, Kerubo anaye." Akapanda nyuma ya pikapu na miaka yake yote, akanishika mpaka Kisii mjini.

Wakanipiga picha ya moyo. Daktari akanionyesha kwenye kioo kile kimlango cha chuma, upande mmoja haufunguki kabisa, umefunikwa na damu iliyoganda. Akanieleza bila kunificha: watanitundikia dawa ya kuyeyusha, lakini kipande kinaweza kubanduka kikaenda kichwani, nisiseme tena, nisitembee tena, au nife. Nisipotundikiwa, nitakufa tu. Nilimwita Mungu, "Nyasae one," Mungu wangu, hakuna lingine nililoweza kusema. Nilimwomba anisamehe kwamba alinipa mlango nami nikauonea aibu.

Halima alikuja na mtandio wake, akaketi kando ya kitanda. Hakuuliza swali hata moja siku hiyo. Alikaa tu, akaniombea kimoyomoyo kwa lugha yake, mama mkwe akaomba kwa Ekegusii, nami sikuona Mungu akichanganyikiwa.

Siku ya tatu, uji ukiwa mkononi, nikasikia. Tiki. Nikasema ni kijiko. Nikaweka kijiko chini. Tiki, tiki, tiki! Ndugu zangu, nililia mpaka wodi nzima ikadhani nimefiwa. Sauti ile ile mliyonipeleka nyuma kwa ajili yake! Sauti ile ile niliyoiuza kwa benchi la mbele! Bwana aliirudisha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mkwe wangu, na Ombati, na Halima aliyenikasirisha kwa maswali yake. Chinsaga bado naila, kijiko kile kile cha kupakulia kila siku, na atakayeleta chungu nitakirudisha kimejaa, anitukane akitaka. Na wewe uliyeketi humu umeficha dawa yako ya presha, au ya sukari, ili tusikuone huna imani, mtumaini Mungu leo, kisha nenda nyumbani ukaimeze. Yeye haoni aibu kufanya kazi kwa mkono wa daktari. Mimi ndiye niliyeona aibu.

Mzee Nyamweya, nimekusamehe, na nimeketi hapa mbele, na siondoki. Sasa naomba mpiga kinanda anyamaze. Akina mama, wanyonyesheni watoto. Inamisheni vichwa kama mnaomba, mtulie.

Mnasikia? Tiki, tiki, tiki. Mkiusikia mlio huo, semeni amina. Na Sabato mkija msiusikie, nawaomba kwa jina la Bwana, mtu asipige vigelegele. Washeni gari mnipeleke hospitali!