Kilemba Mezani kwa Mzee Mwinjuma

Tarehe 31 Desemba 1955, Mzee Mwinjuma Kondo, karani mkuu wa ofisi yetu ya mawakili, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa. Aliingia akiwa tarishi, akija kwa miguu kutoka Temeke. Anatuachia kabati zima la maelezo ya uvumbuzi wa mafundi, kwa mwandiko wake, na mazoea mabaya ya sukari nyingi kwenye chai.

Shauri la Jabiri lazima tulitaje, maana Mzee mwenyewe ametukataza kulificha.

Mwaka 1934 Jabiri, fundi wa Temeke, alibuni mashine ya kusokota kamba za makumbi ya nazi. Mzee Mwinjuma ndiye aliyemwandikia maelezo. Hati ya kulinda uvumbuzi wake usiigwe ilikataliwa, ikidaiwa kuwa maelezo hayatoshi, naye akakata rufaa. Sharti lilikuwa moja: fundi mwingine akisoma karatasi ile aweze kuunda mashine ileile. Akaitwa mahakamani fundi Anselmo, asiyemjua Jabiri. Alisoma, akaunda, akazungusha mpini, kamba zikakatika. Upana wa pengo kati ya magurudumu haukuandikwa.

Mzee alisimama mbele ya jaji bila kuitwa, akijua anaweza kufukuzwa kazi. Alieleza kwamba Jabiri alipofika kwenye pengo alinyamaza, naye hakuuliza. Kwa mafundi wa Pwani, siri ya mwisho haitolewi mpaka mwanafunzi ampe mwalimu wake kilemba, na yeye aliona haya kuitaka bure. Jabiri akakitaja kipimo palepale, lakini karatasi haikuruhusiwa kuongezwa neno. Jabiri akashindwa rufaa. Kabla mwaka haujaisha, kila mwenye nyundo alikuwa akiunda mashine ya Jabiri bila kumlipa. Jambo hilo lilimuuma Mzee, na linamuuma hadi leo.

Tangu hapo, kila mvumbuzi aliyeketi mbele yake alikuta kitambaa kipya cha kilemba mezani, zawadi yake. Sisi vijana tulimcheka, tukamwita mwenye duka. Lakini hakuna tena maelezo yake yaliyorudishwa kwa upungufu.

Jumatatu nilimwomba anifundishe kazi. Alieleza yote, hata namna ya kuchonga kalamu. Alipofika kwenye namna ya kumfanya fundi afunguke, akanyamaza, akatabasamu.

Basi kilemba hicho hapo mezani, Mzee wetu. Hatukukinunua sisi. Amekileta Jabiri kwa mkono wake, akasema: "Mpeni. Mwambieni na mie nilinyamaza."

Asante kwa yote. Uishi kwa afya na amani. Ila kabla hujatoka, tumalizie lile ulilobakiza.

Leodegar, karani