Chai ya Magoti Yafika Mamboleo

Benchi yetu ya Mamboleo ina miguu minne, mmoja wa tofali, lakini siku hiyo ilibebeshwa uchumi wa dunia nzima. Nakhumicha, mwenye kibanda, alikuwa ameshatumiminia kahawa ya tangawizi. Dishon wa boda alikuwa ameweka ufunguo wa pikipiki yake kando ya kikombe, akimngoja mnunuzi aliyekuwa njiani kutoka Kombewa. Akishauza, angejiunga kwa pesa hizo na biashara ya Zadock ya chai ya kutibu magoti, jamaa ambaye sisi humwita Director tangu aanze kuvaa tai kwenye jua la saa saba. Roho iliniuma, maana pikipiki hiyo ndiyo inayolisha watoto wa Dishon. Lakini kijiweni hatumkatazi mtu. Tunabishana mpaka ajikataze mwenyewe.

Nakhumicha ndiye aliyeanza.

— Director, si serikali ilishika watu ya hii mambo?

— Hao walikuwa piramidi, mama. Piramidi haina bidhaa. Sisi ni network, tuko na bidhaa, Zadock akajibu, akiigonga pakiti yake ya chai.

Opondo akakohoa. Tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi kortini, mara moja tu.

— Kisheria, piramidi ni kaburi ya mfalme. Kama hakuna maiti ndani, hakuna kesi.

— Sasa pesa inatoka wapi? Nakhumicha akauliza.

— Dishon analeta watu watatu, Zadock akasema. Kila mmoja wao analeta watatu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na mgeni wa mwisho atamponya nani?

— Hakuna wa mwisho, yawa! Watu wanazaliwa kila siku!

Wakili akadakia:

— Hata ziwa iko hivyo. Omena inakula vidudu, mbuta inakula omena, sisi tunakula mbuta. Umewahi kuona polisi ameshika mbuta?

— Hata Yesu alianza na kumi na wawili, Zadock akasema.

— Na mmoja akamuuza, Nakhumicha akamjibu, akipangusa birika.

Zadock hakumsikia. Alikuwa ameshavuka mpaka.

— Mwaka ujao Kisumu yote iko chini yangu. Halafu Kericho. Halafu Uganda wataingia na boti!

— Na mimi nitakuwa wapi, omera, ndugu yangu? Dishon akauliza.

— Chini yangu, lakini juu ya Uganda.

Dishon akatabasamu, maskini, akatazama barabara ya Kombewa.

Ndipo akafika mama mmoja kutoka Sondu, Adero, akichechemea na kikapu chake. Akaiona ile pakiti.

— Hamjambo. Hiyo ndiyo ile dawa ya magoti?

— Ndiyo, mama! Karibu, keti! Unaingia daraja ya Silver ama ya Gold?

— Siingii mahali, baba. Nataka tu pakiti moja. Ni pesa ngapi?

Zadock akaigeuza pakiti juu, chini, ubavuni. Wakili akatazama nyaya za umeme, kana kwamba sheria iko huko.

— Moja… hatuuzangi moja, mama. Watu wananunua ya kuingia.

— Sasa nani anakunywa?

Wote tulijua kwamba katoni za Zadock ziko chini ya kitanda chake, hazijafunguliwa. Simu ya Dishon ikaanza kulia. Alikuwa yule mnunuzi wa Kombewa. Akaitazama ikilia mpaka ikachoka, kisha akachukua ufunguo wake.

— Mama, unaenda wapi na hizo magoti?

— Hospitali, mwanangu. Ni pesa ngapi?

— Panda, Dishon akasema. Hiyo bei naijua.