Miti Minne Katika Mpunga wa Gérard

Usiku, majogoo bado, nilisikia kengele ya baiskeli ikishuka njia ya Kabambare, mara moja, mara mbili, nikajua karani Théophile amerudi kuvuna mraba wake wa kupimia mavuno, na mraba hauna kitu, nimeukata mimi. Kwa kisu cha jikoni, Jumamosi, maana mwanangu Safi alikuwa anatoka homa na mihogo anaitema, na mpunga wote wa Gérard ulikuwa bado kijani isipokuwa pale, ndani ya kamba, kati ya miti minne ya Serikali, na karani alishasema asiguse mtu mpaka arudi na mizani. Mume wangu Gérard yuko machimboni kwenye bati. Kosa la shamba lake litamwangukia baba yake, Mzee Heri. Boloko, jela, kwa umri ule! Asubuhi nikamfunga mtoto mgongoni, nikachochea moto wa kahawa barazani pa baba mkwe, hapa Lusangi, kama kila siku, na watu wa benchi wakaja: Gazeti, aliyewahi kupakia mizigo ya mashua mtoni na tangu hapo hakuna habari asiyoijua, na Sindano, mshona nguo.

— Karani amerudi, akasema Gazeti. Na mizani!

— Ya kupima mupunga, akasema Sindano.

— Mutu atoke Kasongo na baiskeli kwa kapande ka mupunga? Chini ya kamba ile iko zahabu.

— Iko kodi. Wanapima kadogo, wanazidisha kijiji kizima. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya kuweka akiba, akasema Mzee Heri.

— Si wanaweka? Ya kwetu, kwao.

Nikamimina kahawa.

— Sikilizeni, akasema Gazeti, sauti chini. Kwangu aliuliza watoto wangapi, mbuzi wangapi, nani anakula chungu gani. Kule Ulaya wametengeneza dawa ya njaa. Mutu anakula Jumapili, basi mpaka Jumapili. Siku sita, kulima pamba tu! Sasa wanapima tumbo zetu, wajue dawa kiasi gani. Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe.

— Inaingia wapi hapo? akauliza Sindano.

— Itajiingiza.

— Miye sina woga, akasema Mzee Heri. Mukwe wangu amesoma kwa masista. Kamba ile ameilinda kama altare. Si hivyo, mama?

— Ndiyo, baba.

Ndiyo! Nilisema ndiyo, na baiskeli ikasimama mbele yetu. Théophile akasalimu, akafungua daftari.

— Wazee, swali moja kabla ya mizani. Chakula kilicho ndani ya nyumba kitafika mwezi gani?

Sindano akanywa kikombe kisicho na kitu.

— Iko mingi, akasema Gazeti.

— Mpaka lini?

— Uliza wanawake.

— Karatasi inasema mwenye nyumba.

Mzee Heri akanigeukia: — Mama?

Ningetaja mwezi wowote, ningenyamaza, lakini mdomo ulishafunguka. — Mihogo mpaka mvua za kwanza, karanga zimebaki za mbegu, mahindi hakuna, na ule wali wa Jumapili, baba, na Baba Gazeti akaomba ukoko, ulitoka ndani ya kamba.

— Miye sikuona kamba ndani ya sahani, akasema Gazeti.

Mzee Heri akasimama polepole. — Andika jina yangu. Miye nilimutuma.

Théophile hakuandika. Akasema twende shambani, watatu tu. Kule akanipa karatasi yake: — Umesoma, soma. Ilisema mraba uwekwe hatua arobaini toka kona, kisha kumi na mbili kushoto. Nikahesabu kwa miguu. Kushoto, hatua ya tisa, nikazama kwenye tope. Ya kumi na mbili, mpunga mwembamba, masuke mepesi kama manyoya. Nikageuka. Miti yake minne ilikuwa nyuma kabisa, pakavu, palipokuwa na mpunga mnene kuliko shamba zima kabla sijaukata.

— Nilikuwa na viatu vipya, akasema Théophile. Bwana Agronomi, mkubwa wangu wa kilimo, akijua, kazi sina.

— Na ungepima pale, akasema Mzee Heri, ungeandika Lusangi wameshiba.

Karani akavua viatu. Tulisimika miti matopeni, Mzee Heri akishika kamba, na baada ya wiki mbili patavunwa pale. Mimi sikumwona na viatu, yeye hakuniona na kisu. Tukakubaliana hivyo, tukarudi.

Benchini alikuwa Sindano peke yake, macho chini. Gazeti alitokea upande wa soko, mbio, anapumua.

— Mama Safi, usiogope. Habari ya kamba nimemuambia bibi yangu Anastasie tu, pale sokoni anapouzia. Mutu mwingine, naapa, simwambii.