Hamira Iliyokataa Kuwaka

— Kama protini imeshafika, imeketi juu ya jeni, mbona jeni haiwaki?

Ndivyo nilivyouliza. Kwa benchi ya Selpha, mama wa kahawa na maandazi hapa mtaani Witeithie, watu walipuliza kahawa tu. Nilikuwa nimetoka maabara nikiwa moto. Hamira yangu ilipaswa kung'aa kijani nikiilisha galaktosi, sukari inayopatikana kwa maziwa. Galaktosi ikiingia, protini inayowasha jeni ya mng'ao huachiliwa na mwenzake anayeishikilia, kazi inaanza. Yangu ilibaki giza tititi. Ijumaa nawasilisha mradi wa chuo, na msimamizi wangu ameniambia, mbele ya darasa zima, nirudi kwa midahalo yangu. Ati mdomo si maabara!

— Hiyo ni waya imelegea, akasema Barasa. Tunamwita Injinia kwa sababu alifagia kiwanda Thika miaka saba. — Igonge kidogo.

— Nigonge seli, Injinia?

— Polepole!

— Zii, si waya, akaingilia Mutie wa bodaboda. — Protini imegoma. Inataka kutambuliwa.

— Ama protini ni ya Thika, jeni ni ya Ruiru, Injinia akaongeza. Unafikiri watasalimiana?

— Nyinyi wawili, acheni mtoto wa watu! Selpha akanisukumia andazi. — Kula kwanza. Tangu asubuhi hujaonja kitu.

Nilikula. Aki huyo mama Mungu ambariki.

Kando alisimama mgeni akingoja kikombe chake. Alisema anaitwa Ngina, anaoka mikate Ruiru.

— Samahani, my dear. Kabla ya hiyo sukari ya maziwa, hamira ilikuwa inakula nini?

— Glukosi.

— Na uliiosha ikatoka yote?

Mimi, bingwa wa midahalo, nikafungua daftari langu la maabara.

— Mtoto wangu akishiba soda, Ngina akasema, uji hata hauangalii.

Sikuwa nimeosha. Nilimwaga galaktosi juu ya glukosi ileile, na glukosi ikiwepo, seli haishughuliki na sukari nyingine. Jeni za galaktosi inazifunga. Nilikuwa nimeliandika hilo mwenyewe, ukurasa wa kumi na mbili wa daftari!

Leo ni Jumanne. Nikiosha seli kesho asubuhi mara tatu, Alhamisi nitajua. Nilimshika Ngina mikono yote miwili nikamshukuru hadi akaona haya, halafu nikamgeukia Selpha na wale wawili.

— Ijumaa saa nne nitasimama mbele ya msimamizi na darasa zima. Tafadhali njooni, mkae mahali nitawaona.