Butoni ya Jikoni

Mukaribie, banangu, mukae hapa chini kwenye mukeka, maana pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na sitaki kuimaliza kwa kuita. Philémon, wewe mukubwa, zima simu. Jessé, acha mulango wa atelie ya mbao wazi, ninataka kusikia kule. Séphora, mutoto wangu wa mwisho, kaa karibu na kichwa changu, na leo yeyote akikuita, usiinuke. Na wewe shemeji Ngandu, mudogo wa marehemu baba yao, umefanya vizuri kuja. Kuna neno lako pia.

Jana mulidhani nimelala. Niliwasikia mukiongea pale mulangoni: "Mama akienda, nani atafinya butoni ya mashine?" Na jibu likatoka haraka, kama vile lilikuwa limeshapikwa: "Séphora iko. Université ataenda mwaka kesho." Mutoto amepata nafasi yake chuoni, hapa hapa Kamina, na nyinyi munampa nafasi yangu ukutani! Basi wosia wangu unaanzia hapo, kwenye ukuta wa jikoni, kabla ya nyumba na kabla ya vyombo.

Baba yenu Masengo alipoleta ile mashine ya kuvuta vumbi, aliiweka nyuma ya jikoni kwa sababu ya kelele yake, na moto wake wa umeme akautoa kwenye waya wa jikoni, wakati musumeno uko kule atelie, upande wa pili wa kiwanja. Mwanzoni alifunga kamba kutoka kwenye musumeno hadi kwenye butoni. Anaivuta, mashine inaamka. Kamba ilipokatika, hakununua ingine. Nikawa kamba mimi. "Mwadi, moto!" Ninaacha bukari ikiungua chunguni, ninafinya. "Mwadi, zima!" Ninarudi, ninazima. Watoto wa jirani waliniita Mama Moto, nami nilicheka pamoja nao, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilimupenda bwana wangu. Lakini nikiwa sokoni, au kanisani, au nikinyonyesha mumoja wenu, hakungoja. Alikata mbao za mulombwa bila mashine ya vumbi, unga mwekundu ukijaa kwenye ndevu, mpaka kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Nilimwambia, "Baba Philémon, weka butoni karibu na mukono yako." Akanijibu, "Ya nini? Si weye uko?"

Ngandu, usitazame dirisha. Siku ya matanga yake ulisema mbele ya kwaya nzima: "Mwadi njo alimuua. Alikuwa anachelewa ku butoni." Nilinyamaza, kwa sababu mujane akijibu kwenye matanga wanasema hana uchungu. Leo ninajibu. Yule anayekata ndiye aliyepaswa kuwasha. Kama uzima wa muntu unategemea kwamba mwanamuke asitoke jikoni hata kuchota maji, kosa si la mwanamuke, kosa ni la waya, na la yule aliyeona waya umekaa vibaya akauacha hivyo kwa kuwa haukumusumbua yeye. Sikuachii chuki, shemeji. Lakini lile neno ulifute mbele ya watoto hawa, leo, kabla sijafunga macho.

Sasa mupango. Philémon anataka télécommande. Ni nzuri, sibishi, unafinya ukiwa mahali popote. Lakini itakaa kwenye mufuko wa nani? Wa mukubwa. Mukubwa akipanda pikipiki kwenda mujini, Jessé atakula vumbi akingoja mufuko urudi; na siku ikianguka kwenye maranda, mutaitafuta mpaka giza. Jessé anataka turudishe kamba ya baba yenu. Kamba haitaki betri na haina kiburi, lakini ninajua inavyoisha: inakatika, halafu wanatafuta mwanamuke.

Kwa hiyo nimechagua mimi. Kisanduku kimefika na treni kutoka Lubumbashi, na Esdras, fundi wa umeme, amekifunga asubuhi mulipokuwa kanisani. Waya wa musumeno unapita ndani yake, na mwingine unavuka kiwanja hadi kwenye ile mashine. Musumeno ukianza kula moto, kisanduku kinasikia, kinangoja kidogo ili grupu inayotupa umeme isizimike kwa kubebeshwa mashine mbili mara moja, kisha kinaamsha ile ya vumbi. Musumeno ukinyamaza, ile inaendelea kuvuta kidogo, inasafisha bomba, inalala. Hakuna kuita muntu. Na butoni nyekundu ya kuzima yote kukiwa na hatari iko pale pale, karibu na mukono wa anayekata.

Musumeno na mashine ni vyenu vijana wawili, mufanye kazi bila kupimana vifua. Nyumba isiuzwe, chumba cha Séphora kibaki na ufunguo wake. Lakini kisanduku ni cha Séphora. Anawaazima. Siku mutakayomuita kutoka darasani aje kushika ukuta, Esdras atakifungua akiondoe, na mukule unga wa mbao. Usicheke, Jessé... Au cheka, cheka tu, ni vizuri. Butoni ya jikoni muitoe, tundu mulizibe na simenti, na muke wa Philémon atundike pale chujio yake.

Ngandu anasema nini? Sema kwa nguvu, masikio yangu yanaanza kwenda mbali... "Nilikosea, shemeji. Haikukuwa weye." Asante. Limefika.

Munipe maji... basi, inatosha. Mungu aliyenigawia pumzi hii yote awajaze vifua vyenu. Muzeeke mukiimba kanisani bila kukohoa. Wake zenu na binti zenu wasiwe kamba ya muntu. Séphora, usome mpaka uchoke mwenyewe, si mpaka uitwe.

Jessé, nenda. Washa musumeno... Ndiyo, sasa hivi, nikiwa ningali hapa.

Ninausikia... Bado ile ingine... ngoja... Séphora, mukono wako umeshtuka ndani ya mukono wangu. Unataka kukimbilia butoni. Kaa, mwanangu. Hakuna aliyekuita...

Hiyo... Umesikia? Imeamka yenyewe.

Kaa...