Mashine Yenye Utepe

Mgeni rasmi, tunakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote ulioongozana nao, pamoja na mganga mkuu, masista wetu na majirani waliofika. Kama tumemruka mtu, atuwie radhi. Si dharau, ni haraka, na sababu ya haraka utaisikia.

KARIBU

Karibu sana kwetu, wodi ya watoto wenye matatizo ya masikio, pua na koo. Tumefurahi umekuja. Tungefurahi zaidi kama tungekuwa tunaelewa kinachoendelea hapa leo.

TULIKOTOKA

Sisi ni kina mama, bibi kadhaa, na baba mmoja ambaye siku hizi tunamhesabu kuwa mama mwenzetu. Kila mmoja alifika hapa kichwa kimevurugika. Wengine watoto wetu walikuwa wanakoroma kama watu wazima, nyumbani tunacheka kwamba kamrithi babu yake, kumbe mtoto anatafuta hewa. Wengine tuliwachapa kwa ukaidi, kumbe masikio yamejaa usaha na hawasikii. Tuliambiwa ni mafua, tukaambiwa ni pumu, tukaambiwa akikua yataisha. Mpaka leo hatujui ni nani tulipaswa kumsikiliza.

MAFANIKIO

Waliofanyiwa upasuaji wa mafindofindo na nyama za pua sasa wanalala bila kukoroma. Hilo nalo limetuchanganya. Mtoto akilala kimya, tunamwamsha kumuuliza kama amelala.

Mwenzetu Mama Bosi, yule aliyekaa mwisho karibu na mlango wa wodi, mwanawe anapumua kwa mpira mdogo uliowekwa shingoni. Mtoto tunamwita Bosi kwa sababu sauti haitoki, anatuagiza kwa kidole. Akilia, ni machozi matupu. Siku za mwanzo mama yake hakuthubutu kumpa mgongo hata kuosha kikombe, maana asingejua huko nyuma mtoto analia au anacheka. Sasa amejifunza kumsoma kifuani. Mpira ukijaa makohozi, ipo mashine ya kuyanyonya, nayo ni moja tu kwa wodi nzima. Gurudumu lake moja linalia. Bosi akilisikia linakuja, anainua kidevu mwenyewe na kungoja.

YANAYOTUCHANGANYA

Sehemu hii haikupigwa chapa, wala yale ya haraka tuliyoongeza kule mwanzo. Tumeiandika hapa hapa chini ya turubai, karatasi juu ya mapaja.

Risala yetu ilikuwa imalizike kwa kuomba mashine ya pili. Asubuhi watu wa stoo wakaja kuichukua ile ya kwanza. Mama Bosi akawauliza, "Jamani, mnaipeleka wapi, na mwanangu je?"

Wakamjibu, "Mama, tulia bwana. Leo inakuja mpya."

Basi tukafuta ombi, tukaandika shukrani. Sista akabaki anamvuta Bosi makohozi kwa bomba la sindano, na linatoa kidogo mno.

Kisha ikasukumwa hapa mbele mashine hii unayoiona, inang'aa, imefungwa utepe mwekundu. Gurudumu likalia. Bosi akainua kidevu.

Mama Bosi akasema, "Hii si yetu hii?" Fundi anasema ilipelekwa kusafishwa. Karani anasema ni mpya kabisa, hilo gurudumu ni bahati mbaya. Sista tulipomuuliza alisema, "Mwenzenu nimeambiwa nisimame hapa nitabasamu." Tukafuta na shukrani. Sasa hatujui tushukuru, tuombe, au tuombe radhi. Huenda tumekosea sisi, mashine zenye gurudumu bovu ni nyingi. Lakini Bosi bado ameinua kidevu, na mbavu zake zinabonyea ndani kila anapovuta hewa. Tunaogopa. Sista ameacha kutabasamu na amevaa glovu.

OMBI

Tulikuwa na mengine, kuhusu vitanda na paa. Hayo tumeyaacha.

Mgeni rasmi, tunakuomba ukate utepe sasa hivi, kabla ya hotuba, kabla ya picha. Iwe mpya, iwe ile ile yetu, hatutauliza tena. Hapa pana tundu moja tu la umeme na limeshikwa na spika. Tunaomba spika ichomolewe, ichomekwe mashine. Msomaji wetu ana sauti ya kutosha, atamalizia bila kipaza sauti.

Mungu akulinde katika safari yako. Awajalie watoto wako na wajukuu zako pumzi nyepesi, hata usahau kwamba wanapumua.

Ni sisi, kina mama na walezi wa wodi ya masikio, pua na koo.

Mama Bosi, sogea mbele.